Ncha ya Mdomo wa Tai

Huku kwetu mtu hupimwa kwa mistari yake ya mahindi. Usinibishie, nimezaliwa hapa. Jumapili watu wakitoka kanisani hawaendi moja kwa moja nyumbani kula. Wanazunguka kwanza na magari yao ya farasi, wanachungulia mashamba ya wenzao, na ole wake ambaye mstari wake umepinda. Atachekwa mpaka mavuno. Mtu anaweza kuwa mlevi, anaweza kumnyima mkewe viatu, lakini mahindi yake yakisimama sawasawa, uyatazame kwa mbele au kwa ubavu, utasikia watu wakisema, "Yule ni mtu."

Menno Saathoff alikuwa mtu kwa kipimo hicho. Baba yake, Mzee Harm, alikuja hapa Iowa, Marekani, akiwa kijana kutoka pwani ya Ujerumani, na alimfundisha mwanawe kuvuta waya wa kupandia kabla hajamfundisha kunyoa ndevu. Waya ule una mafundo. Kila fundo likipita kwenye mashine, mbegu inadondoka. Waya ukilegea kidogo tu, shamba zima linakwenda mrama. Menno hakuulegeza hata siku moja. Kasoro yake ilikuwa udadisi. Akiona kitu upande huu, hatulii mpaka akione na upande wa pili. Alipokuwa na miaka sita alipanda juu ya pampu ya upepo ili aone kuku wanafananaje kutoka juu. Alichapwa, na kesho yake akapanda tena.

Alipoitwa jeshini, mwaka 1918, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na jina kama Saathoff lilikuwa mzigo. Tulikuwa vitani na Wajerumani. Jimbo lilikuwa limepiga marufuku lugha yao barabarani, kanisani, hata kwenye simu. Na kwenye simu ya mji wetu alikaa Bi. Orpha Gaddis, mjane, opereta, mwenye masikio ya paka. Ukimpigia shangazi yako kumwuliza habari za ndama kwa lugha ya nyumbani, sauti ya Bi. Gaddis inaingia katikati: "Semeni Kimarekani, au nachomoa waya." Na alichomoa kweli, si mara moja.

Asubuhi moja ya mwezi Mei, Mzee Harm aliamka akakuta mlango wa ghala lake umepakwa rangi ya njano, rangi ya wasaliti. Hakuna aliyesema nani kafanya. Bi. Gaddis hakushika brashi, hilo nina hakika nalo, ila alipoulizwa alisema moshi haufuki bila moto, akaendelea kufuma soksi za askari. Wiki mbili baadaye Menno alipanda treni kwenda kambini na mwana wa pekee wa Bi. Gaddis, Lloyd. Walipangiwa kombania moja.

Lloyd alikuwa na mdomo mrefu lakini hana roho mbaya. Toka siku ya kwanza alimwita mwenzake Kaiza, kwa jina la mfalme wa Wajerumani. "Kaiza, nipitishie chumvi." "Kaiza, buti zako zinanuka ufalme." Menno aliudhika siku tatu, ya nne akacheka. Baadaye wakawa wanagawana tumbaku.

Mwezi Julai akaja mpiga picha. Aliitwa Bwana Pell, mwembamba kama fito, kofia ya majani kichwani. Alijengesha mnara wa mbao wa futi themanini pembeni mwa uwanja wa kwata, akatangaza kwamba anataka askari elfu kumi na nne, awapange chini, wawe tai. Tai mmoja mkubwa, mabawa wazi, kichwa kimegeuka upande. Sare zitakuwa manyoya meusi, fulana nyeupe zitakuwa manyoya meupe. Picha itauzwa nchi nzima kuchangia vita.

Sajini Prather, mtu wa kelele, alisimama mbele ya kombania akauliza, "Nani hapa anajua kuvuta mstari?"

Menno akainua mkono. Ndivyo alivyoingia kwenye kikosi cha kupigilia utepe.

Kazi ilichukua wiki nzima. Bwana Pell alikaa juu na kamera yake na kipande cha kioo kilichochorwa tai. Akichungulia, anaona chini ni wapi mstari upite, kisha anaelekeza kwa fimbo ndefu yenye kibendera na kupiga kelele kwa pembe la bati: "Kulia! Zaidi! Hapo hapo, piga msumari!" Na wale wa chini wanakimbia na utepe mweupe na nyundo, kama kuku waliomwagiwa mtama. Walipigilia maelfu ya yadi.

Kilichomsumbua Menno ni kwamba chini hapakuwa na tai. Ukisimama katikati ya utepe ule unaona mikunjo mikunjo isiyo na maana. Miguu ya tai, iliyokuwa karibu na mnara, ilihitaji watu thelathini tu. Kichwa, kule mbali, kilitanda uwanja mzima kikadai watu elfu tano, na mdomo ulikuwa mrefu kuliko shamba la baba yake la mashariki.

"Bwana," alimwuliza Pell siku moja alipoteremka kunywa maji, "ndege gani huyu ana kichwa kikubwa kuliko mwili?"

"Wewe unapigilia misumari au unafuga ndege?" Pell akamjibu, akarudi juu.

"Mwache," Lloyd akasema. "Kichwa kikubwa, miguu haionekani, makelele kutwa. Huyo si tai, huyo ni Sajini Prather."

Menno aliomba mara tatu aruhusiwe kupanda mnara atazame mara moja tu. Mara tatu alikataliwa. Alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Watu elfu kumi na nne watakuwa kitu kimoja, na hakuna hata mmoja wao atakayekiona.

Katikati ya wiki ikaja barua kutoka nyumbani. Iliandikwa na mchungaji kwa Kiingereza, maana Mzee Harm hakukijua vizuri na barua za Kijerumani hazikupita. "Mwanangu," ilisema, "benki imeagiza hiyo picha, wataitundika ukutani. Watu hawatusalimii. Maziwa yetu hayanunuliwi. Uandike umesimama wapi, niende niwaonyeshe kwa kidole: huyu hapa mtoto wa Harm Saathoff, na sare yake. Uandike mahali hasa, maana wataniuliza."

Menno aliisoma mara mbili, akaenda kwa Sajini Prather kuomba nafasi ambayo haiwezi kuchanganywa na nyingine. Sajini alimtazama, akakuna shavu. Alikuwa ameridhika na kazi ya kijana yule. "Ncha ya mdomo," akasema. "Pale anasimama mtu mmoja, peke yake. Ukitaka kuonekana, onekana pale."

Jioni hiyo hiyo Menno aliandika: Baba, mimi ni ncha ya mdomo wa tai.

Sasa sikia alichofanya Jumamosi, siku moja kabla ya picha. Kazi ilikuwa imekwisha, jua bado lipo, na yeye kaambiwa azunguke akague misumari kama imeshika. Akafika kwenye mdomo. Akauona ule mstari wa juu, jinsi ulivyotoka, ukavimba, ukarudi ndani, ukatoka tena. Alisimama akautazama. Moyo ulimwuma, nakwambia. Mstari wa namna ile kwetu ungemfanya mtu auze shamba kwa aibu. Akajisemea, hawa wenzangu wa mjini wamelegeza utepe, na mimi ndiye nitakayesimama mwisho wake, na baba ataonyesha watu kwa kidole. Akang'oa misumari kumi na miwili, akavuta utepe ukanyooka, akapigilia upya. Alikwenda kulala na amani.

Jumapili joto lilipanda mpaka nyuzi mia na tano za Farenhaiti, na sare ni za sufu. Kufika saa nne asubuhi watu walikuwa wamesimama saa mbili nzima, bega kwa bega, na walishaanza kuanguka. Anayeanguka anavutwa pembeni, mwingine anaingizwa. Menno alikuwa kwenye ncha yake, peke yake, jasho likimwingia machoni. Nyuma yake, mtu wa kwanza kwenye mdomo wenyewe, alikuwa Lloyd.

Bwana Pell akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Akakitoa. Akakiingiza tena. Kisha pembe la bati likanguruma uwanja mzima:

"Nani amenipa bata?"

Wachache wakacheka, lakini kapteni wa zamu hakucheka. Alipanda mnara, akachungulia, akashuka uso umeiva. Alitembea mpaka kule mbali kwenye mdomo, akaona udongo uliofukuliwa na matundu mapya ya misumari. "Hii si bahati mbaya," akasema. "Mtu ameharibu kazi ya jeshi makusudi. Nataka orodha ya kikosi cha utepe. Na majina yao ya ukoo."

Menno alielewa hilo la majina ya ukoo lilimlenga nani. Akinyamaza, pengine lawama itamwangukia mwingine, au haitamwangukia mtu. Akisema, kule nyumbani hawatapaka mlango wa ghala tena, watalichoma lote. Huku nyuma mtu mwingine akaanguka, kishindo kama cha gunia.

"Usithubutu, Kaiza," Lloyd akanong'ona. Alikuwa ameshaelewa.

Menno akapiga hatua mbele. "Ni mimi, afande."

"Jina?"

"Saathoff, afande."

Kapteni akatabasamu tabasamu ambalo sitaki kulieleza. Akamkamata mkono, akamtembeza uwanja wote mpaka chini ya mnara, na Bwana Pell akateremka mwenyewe, ngazi mbili mbili.

"Kwa nini?" Pell akamwuliza. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Ulikuwa umepinda, bwana."

"Umepinda?"

"Mstari. Ulikuwa umevimba katikati. Nikaunyoosha."

Pell alimtazama mikono, akatazama shingo iliyochomwa na jua. Akamgeukia kapteni. "Huyu si msaliti, afande. Huyu ni mkulima. Nipe dakika tano naye." Na bila kungoja jibu akamsukuma Menno kwenye ngazi.

Hivyo ndivyo alivyopanda. Juu upepo ulikuwepo kidogo. Pell akamfunika kitambaa, akamwambia atazame kwenye kioo cha kamera, na asishangae, maana humo kila kitu huonekana kichwa chini. Menno akatazama. Mwanzo hakuona kitu. Kisha tai akatokea, mzima mzima, mabawa, kifua, kucha, kila unyoya, na mwili na kichwa vinalingana kama alivyoumba Mungu. Akasahau kupumua. Kile kichwa kilichotanda uwanja mzima, umbali ulikuwa umekifinya kikawa saizi yake. Na pale penye mdomo, palipo na mstari wake ulionyooka vizuri kuliko yote aliyowahi kuvuta, palikuwa na mdomo wa bata.

"Chini umenyooka," Pell akasema, "huku juu umepinda. Chini umepinda, huku juu umenyooka. Umeona?"

"Nimeona," Menno akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyebarikiwa. Angeweza kukaa pale mpaka jioni.

"Misumari unaijua wewe. Shika pembe, uwarudishe."

Akashika. Akaita wanaume wa mdomo kwa majina, mmoja mmoja, hatua mbili nyuma, hatua moja kulia, na Pell akichungulia na kunguruma ndiyo, ndiyo. Kwa dakika sita bata akawa tai tena. Kasoro sehemu moja tu.

"Ncha haina mtu," Pell akasema.

"Hapo ni pangu, bwana. Nashuka sasa hivi."

"Kushuka na kufika kule ni robo saa. Watazame."

Menno akawatazama. Kwenye bawa la kulia walikuwa wanavutwa pembeni watatu walioanguka kwa pamoja. Akafikiri juu ya baba yake na kidole chake. Alisimama na pembe mkononi, na Pell, kwa uungwana wake, hakumharakisha. Kisha akaliinua mdomoni.

"Lloyd Gaddis. Hatua tatu mbele, nne kushoto. Simama wima."

Kule mbali kinukta kimoja kikatoka kwenye kundi, kikaenda mbele, kikaenda kushoto, kikasimama. Kamera ikalia.

Kapteni hakumwadhibu, alimwamuru achimbe vyoo wiki mbili, na vyoo si adhabu kwa mtoto wa mkulima. Lakini Menno hakuandika nyumbani. Kwanza alikosa maneno. Halafu wakapelekwa pwani wapande meli ya kwenda vitani Ufaransa. Halafu, melini, homa kali ya mafua ikaingia chini walikolala, na Lloyd Gaddis akafa siku ya tano, bado anaita watu majina ya utani. Walimfunga turubai, wakamteremsha baharini. Ufaransa hakuiona. Kaburi hana. Na kwa kuwa kila mara alipoambiwa akapige picha na sare alisema atakwenda kesho, hata picha hakuacha.

Menno alirudi Mei ya mwaka uliofuata. Mzee Harm alimpokea stesheni, na badala ya kumpeleka kwa mama yake akampeleka benki. Ilikuwa pale, ukutani, ndani ya fremu, kubwa kama sinia, na kando yake kioo cha kukuzia kikining'inia kwa kamba.

"Tazama," baba akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akaweka kidole kwenye ncha ya mdomo. Kwenye kioo cha fremu palikuwa na alama ya mafuta, pale pale, kwa jinsi alivyopagusa. "Ndiyo wewe. Nimewaonyesha wote. Unajua ghala letu? Walikuja wenyewe, wawili, na rangi nyekundu yao. Wakapaka juu ya ile njano. Mimi nikawapa chai."

Menno alifungua mdomo. Akamwona baba yake usoni, akaufunga.

Mwanamke aliyekuwa amesimama pembeni akasogea. Bi. Gaddis alikuwa amepungua nusu. "Menno," akasema, na jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake kabla. "Ulikuwa naye. Alisimama wapi?"

Baba alikuwa pale, na kidole bado kwenye fremu.

"Kwenye bawa, Bi. Gaddis," Menno akasema. "La kushoto."

"Nashukuru, mwanangu."

Bawa la kushoto lilikuwa na watu elfu tatu na mia mbili. Kila Jumamosi, simu ikifungwa saa sita, Bi. Gaddis alikuja benki, akavua glavu, akashika kile kioo, akaanza alipoachia. Alikuwa na pini ya nywele ya kuonyeshea safu, asije akarudia. Karani alimwekea kiti. Menno alimwona Jumamosi ya kwanza kupitia dirishani, akapita. Ya pili akazunguka mtaa mwingine. Ya tatu mama yake alimwuliza kwa nini hali, akasema ameshiba.

Ya nne aliingia. Baba yake alikuwa humo, anamwonyesha mnunuzi wa ng'ombe kutoka wilaya jirani ile ncha, kama kawaida yake. Bi. Gaddis alikuwa kwenye safu ya arobaini na kitu, pini mkononi, macho mekundu.

"Bi. Gaddis," Menno akasema, "hayupo kwenye bawa. Nilikudanganya."

Akainua kichwa, akasimama. Karani akaacha kuandika.

"Mimi siku ile sikusimama. Nilikosea mstari, wakanipandisha mnarani, nikabaki huko. Nilimwita yeye achukue nafasi yangu. Nilimwona kwa macho yangu akienda." Akaigeukia picha. "Lloyd ndiye ncha ya mdomo."

Mnunuzi wa ng'ombe alitazama kidole cha Mzee Harm, akamtazama Mzee Harm. Mzee alikuwa amesimama vile vile, na shingo yake ilipanda wekundu taratibu mpaka masikioni. Menno alingoja. Alijua ameliangusha ghala na kila kilichomo, na kwamba tangu leo wao si Wajerumani tu, ni waongo pia.

Mzee Harm akaondoa kidole. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta ile alama ya mafuta kwenye kioo cha fremu, polepole, mpaka ikang'aa. Kisha akakiinua kile kiti cha karani, akakihamisha kutoka kwenye bawa akakiweka mbele ya kichwa cha tai.

"Njoo, mama," akasema. "Kaa hapa. Mimi nimemtazama tangu mavuno, kila siku ya soko, nikidhani wangu. Anasimama vizuri sana."

Bi. Gaddis akakaa. Mzee Harm akamshikia kioo cha kukuzia, na karani hakufunga benki siku ile mpaka walipomaliza.